Kibanda cha Kupachika Kwenye Pikapu: Tupime Kwanza, Tupokee Baadaye



Katika toleo hili tumeona ni vema kueleza jambo ambalo limetuchukulia muda mwingi katika vikao vya mwaka huu, nalo ni kibanda cha kupachika nyuma ya pikapu kwa ajili ya huduma za mkoba. Baadhi ya parokia zimeanza kutuuliza namna ya kukipata, na wafadhili wawili wameuliza kama wanaweza kutuletea kingine. Kabla ya kujibu barua hizo, tunaomba msome habari hii hadi mwisho, kwa kuwa inahusu maisha ya watu wanaopanda magari yetu.

Yote yalianza na barua. Marafiki zetu wa parokia moja ya Marekani waliandika kwamba wamepata kibanda kilichotumika, kizuri, chenye vitanda, jiko, jokofu na sinki. Walikuwa tayari kukitia kwenye kontena na kukileta hadi bandari ya Dar es Salaam. Walikuwa wameona picha za wauguzi wetu wakipima watoto chini ya mwembe huku mvua ikinyesha, wakaguswa. Barua iliposomwa kikaoni watu walipiga makofi. Mama Mwenyekiti alikwisha kusema tuandike shukrani siku hiyo hiyo, ndipo dereva wetu, ambaye huwa haongei sana, akanyoosha mkono.

"Baba Paroko, samahani. Hicho kibanda kina kilo ngapi?"

Hakuna aliyejua. Barua ilitaja rangi yake, mwaka wa kutengenezwa, idadi ya vitanda na hata aina ya mapazia. Uzito haukutajwa.

KWA NINI DEREVA ALIULIZA

Wasomaji wa zamani watakumbuka kwamba tulikuwa na sanduku letu la chuma. Fundi alilichomelea kwa mabati mazito na vyuma vya pembe, nasi tulimsifu kwa kazi imara. Kupima hatukupima. Lilionekana imara, na gari lilikuwa linatembea, basi tukaridhika.

Njia yetu ya kwenda bondeni ni ngumu. Mji wa Sumbawanga upo juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa lipo chini, kwenye mita 800 hivi. Kati ya hapo na pale upo ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa, na barabara ya kwenda Muze na Mtowisa hushuka ukuta huo kwa kona kali. Siku moja, tukiwa katikati ya mteremko, springi ya nyuma upande wa kushoto ilikatika majani mawili. Gari lililala ubavu mmoja likagusa tairi. Dereva alilizuia kwa gia na kulielekeza kwenye ukingo wa ndani, upande wa mlima. Hakuna aliyeumia. Lakini wauguzi walishuka kwa miguu, boksi la baridi lenye chanjo ilibidi lirudishwe Sumbawanga kwa pikipiki kabla barafu haijaisha, na kule kijijini akina mama walikaa na watoto wao hadi jua kuzama wakitungoja. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri.

Kosa lilikuwa letu. Siku hiyo hakuna kiongozi aliyeweza kujibu swali rahisi: gari hili limebeba kilo ngapi? Ndiyo maana dereva aliuliza, na ndiyo maana tuliahirisha barua ya shukrani.

KIBANDA CHA KUPACHIKA NI NINI

Kwa wasiokifahamu, hiki ni chumba kidogo kinachoingizwa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu kama mtoto wa meza anavyoingizwa ndani ya meza. Hakichomelewi kwenye gari. Kina miguu minne ya jeki, miwili kila upande. Ukitaka kukitoa, unakinyanyua kwa jeki hizo, gari linasogea mbele, na kibanda kinabaki kimesimama chenyewe. Huko Marekani na Kanada watu wengi hukitumia kwa safari za mapumziko, uvuvi na uwindaji. Hulala humo na kupika humo, na wakirudi nyumbani hukishusha na kuendelea kutumia pikapu kwa kazi za kawaida.

Faida yake kwetu ipo hapo. Gari la kliniki lililojengwa moja kwa moja ni gari la kazi moja tu. Parokia ya kijijini haina magari mawili. Pikapu hiyo hiyo inayopeleka wauguzi bondeni wiki ya kwanza ya mwezi ndiyo inayobeba saruji ya darasa wiki ya pili, mahindi ya shule wiki ya tatu, na mgonjwa au msiba siku yoyote Mungu anapopanga. Kibanda kinachotoka na kuingia kinaturuhusu kufanya yote hayo.

Lakini faida hiyo ina sharti lake. Kwa kuwa kibanda si sehemu ya gari, uzito wake wote ni mzigo. Gari halikijui. Kwa springi, matairi na breki, kibanda ni sawa na magunia.

HESABU YA KILO

Kila gari lina namba mbili ambazo kamati inapaswa kuzijua kama inavyojua namba ya akaunti ya benki. Ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu. Ya pili ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani gari pamoja na kila kitu na kila mtu aliyemo. Namba hizi hupatikana kwenye kibao cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, na katika kitabu cha gari. Toa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba.

Tuliandika hesabu ya pikapu yetu ya milango minne ubaoni, mbele ya kikao kizima:

Uzito wa juu unaoruhusiwa: kilo 2,910
Uzito wa gari tupu: kilo 1,950
Kinachobaki: kilo 960

Wengi waliona kilo 960 kuwa nyingi, karibu tani moja. Kisha tukaanza kutoa.

Watu wanne, yaani dereva, tabibu na wauguzi wawili, kwa kilo 70 kila mmoja: kilo 280. Zinabaki 680.
Ngao ya mbele ya chuma, tairi la pili la akiba, vifaa vya dereva na koleo: kilo 100. Zinabaki 580.
Dawa, mizani ya watoto, boksi la chanjo na barafu yake, meza na viti vya kukunja: kilo 80. Zinabaki 500.
Maji lita 60: kilo 60, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Zinabaki 440.

Barabara zetu si lami. Gari linapotumbukia kwenye shimo, springi hupokea pigo kubwa kuliko uzito uliopo. Kwa hiyo tuliamua kuacha akiba ya sehemu moja katika kumi ya kilo 960 zile, yaani kama kilo 100. Kilichobaki kwa ajili ya kibanda chenyewe, kuta zake, sakafu yake, paa lake na milango yake, kilikuwa kilo 340.

Ndipo tukawaandikia marafiki zetu Marekani tukiwaomba watusomee kibao cha kibanda. Kanuni za nchi hiyo zinamtaka mtengenezaji wa kibanda cha namna hii abandike kibao kinachotaja uzito wake kikiwa na vifaa vya kawaida, maji, gesi na jokofu. Vifaa vya ziada alivyoongeza mwenyewe baadaye havimo katika namba hiyo. Jibu lilikuja: pauni 2,100. Pauni moja ni kilo 0.45 na kidogo, hivyo ni kama kilo 953.

Nafasi yetu ilikuwa kilo 340, na kibanda kilikuwa na kilo 953. Hata kama wauguzi wote wangebaki nyumbani na dereva akaenda peke yake bila dawa wala maji, gari lingezidi uzito wake.

MAHALI UZITO UNAPOKAA

Mjumbe mmoja aliuliza kama tusingeweza kuongeza majani ya springi. Swali hili tunaliona kila mahali, kwa hiyo tulijibu kwa makini. Springi za ziada huinua nyuma ya gari, na dereva huona gari limenyooka. Lakini ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, na fremu ni ile ile. Kibao cha mtengenezaji hakibadiliki kwa sababu tumeongeza majani mawili. Gari hukaa sawa machoni, na hatari inafichika.

Matairi nayo yana kikomo. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba ndogo ya kubebea. Namba 104 maana yake tairi hilo hubeba kilo 900. Namba 112 ni kilo 1,120. Matairi yetu ya nyuma yalikuwa na namba 104, hivyo mawili kwa pamoja hubeba kilo 1,800 yakiwa na upepo wa kutosha. Tairi la bei nafuu lenye ukubwa ule ule linaweza kuwa na namba ndogo zaidi, na muuza duka hatakwambia usipouliza.

Tena, haitoshi kujua kilo ngapi. Ni lazima kujua zinakaa wapi. Fikirieni watoto wanaocheza mbao ya kubembea, mmoja huku na mwingine kule. Ekseli ya nyuma ya pikapu ni kama gogo la katikati. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli hiyo, unagawanyika kati ya matairi ya nyuma na ya mbele. Ukikaa nyuma yake, unaishusha nyuma na kuinyanyua mbele.

Vibanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya pikapu kubwa za Marekani huwa na sakafu ndefu. Hiki kilikuwa cha bodi ya futi 8, yaani mita 2.44. Bodi ya pikapu yetu ni mita 1.5 tu. Karibu mita nzima ya kibanda ingening'inia nje nyuma. Upana nao haukukubali: sehemu ya chini ya kibanda ilikuwa mita 1.2, na kati ya matuta ya madigadi ndani ya bodi yetu kuna mita 1.1. Kingekaa juu ya matuta, si kwenye sakafu.

Tulipima pia kitovu cha uzito. Ekseli yetu ya nyuma ipo sentimeta 60 kutoka ukuta wa mbele wa bodi. Kitabu cha kibanda kilionyesha kwa picha kwamba kitovu cha uzito wake kipo sentimeta 95 kutoka mbele. Maana yake ni sentimeta 35 nyuma ya ekseli. Umbali kati ya ekseli mbili za pikapu yetu ni mita 3.1. Zidisha kilo 953 kwa 0.35, gawanya kwa 3.1, unapata kilo 108. Hizo ni kilo ambazo kibanda kingezinyanyua kutoka kwenye matairi ya mbele. Nyuma, ambako gari tupu lina kilo 800, zingeongezeka kilo 1,061, jumla kilo 1,861. Matairi yangekuwa yamezidiwa kabla mtu yeyote hajapanda.

Matairi ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva akiushika usukani mwepesi kwenye changarawe, akishuka Lyamba lya Mfipa, anaukata kwenye kona na gari linaendelea mbele moja kwa moja. Tulipofika hapo katika hesabu, kikao kilikuwa kimya.

MAMBO MENGINE AMBAYO BARUA HAIKUSEMA

Umeme wa nyumbani wa Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 230. Vifaa vya kibanda vya umeme wa ukutani vingeungua siku ya kwanza vikichomekwa kwenye tundu la zahanati. Taa za betri ya volti 12 zingefanya kazi, kwa kuwa volti hizo ni sawa na za gari popote. Regyuleta ya gesi isingeshika mitungi yetu. Jokofu la jikoni si jokofu la chanjo: chanjo nyingi zinahitaji nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi muda wote, na jokofu la nyama na soda halina uhakika huo.

Kisha kuna gharama ya meli, bandari, ushuru, na lori la kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilometa 1,000.

KUSEMA HAPANA KWA ZAWADI

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Mzee mmoja wa kamati alisema wazi kwamba kwetu zawadi hairudishwi, na kwamba tukikataa hiki hatutapewa kingine. Hofu yake haikuwa ya bure. Parokia nyingi zina nyuma ya nyumba ya mapadre mashine iliyoletwa kwa upendo, ikapokelewa kwa ngoma, na sasa inalala kuku. Hakuna aliyethubutu kuandika kwamba haifai.

Tulibishana vikao viwili. Mwishowe muuguzi mkuu aliuliza nani kati yetu yuko tayari kupanda gari hilo siku ya kwanza na kushuka nalo bondeni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tukaandika barua.

Hatukuandika "haiwezekani" peke yake. Tuliambatanisha hesabu yote mnayoiona hapa, picha ya kibao cha gari, na vipimo vya bodi kwa sentimeta na kwa futi. Tulieleza tunachohitaji: kibanda kisichozidi kilo 340, kinachojengwa hapa hapa. Jibu lilichukua wiki tatu, na wiki hizo zilikuwa ndefu. Lilipofika, marafiki zetu walikiri kwamba hawakuwahi kufikiria uzito, kwa sababu pikapu zao ni kubwa. Waliuza kibanda kile kwao na kutuma fedha. Hazikutosha kwa yote tuliyopanga, lakini zilitosha kuanza.

KIBANDA TULICHOJENGA

Fundi alitengeneza fremu ya bomba jembamba la mraba, akaifunika kwa shiti za alumini. Sakafu ni plaiwudi. Urefu ni mita 1.45, hivyo kinaingia chote ndani ya bodi. Paa halipandi sana juu ya kabini, kwa sababu kibanda kirefu kwenda juu hulaza gari kwenye barabara yenye mwinamo. Upande mmoja hufunguka kuelekea juu na kuwa kivuli, na turubai huteremka kuzunguka ili mama apimwe kwa faragha. Ndani kuna makabati mawili ya dawa na mahali pa boksi la chanjo. Vitu vizito vyote hukaa chini na mbele, karibu na kabini. Hakina vitanda. Wauguzi hulala kwenye nyumba ya kigango. Paneli ya sola bado hatujapata.

Tulikipeleka kwenye mizani kabla ya kukilipia. Kilikuwa kilo 290.

NAMNA YA KUKIPACHIKA

Kwa parokia zitakazopenda kufanya hivyo, hizi ndizo hatua tunazofuata kila mara.

1. Tafuta mahali tambarare na pagumu. Weka kipande cha ubao mnene chini ya kila mguu wa jeki ili usizame.

2. Toa mlango wa nyuma wa pikapu. Fagia bodi, kokoto hata moja isibaki. Tandika mpira mnene sakafuni. Unazuia kibanda kuteleza.

3. Nyanyua kibanda kwa jeki nne, kidogo kidogo kila pembe, hadi kipite juu ya sakafu ya bodi. Mtu yeyote asiingie chini yake.

4. Dereva arudi nyuma polepole. Wawepo watu wawili wa kutazama pembe, lakini mmoja tu ndiye atoe amri. Amri za watu wawili zimevunja taa nyingi.

5. Teremsha sawasawa. Ukuta wa mbele wa kibanda uegemee kipande cha mbao kilichofungwa mbele ya bodi, ili gari likifunga breki kibanda kisije kikapiga kabini.

6. Funga pembe nne kwa minyororo yenye vikazio. Ndoano za minyororo zishike vyuma vilivyofungwa kwa bolti kwenye fremu ya gari. Zisishike bati la bodi, kwa kuwa bati hupasuka. Kaza hadi mnyororo usichezecheze. Ukikaza kupita kiasi utakunja kibanda.

7. Unganisha taa. Hakikisha taa za breki, indiketa na namba ya gari vinaonekana kutoka nyuma. Rekebisha vioo vya pembeni.

8. Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kwa kiwango cha gari lenye mzigo.

9. Endesha kilometa 10, simama, kaza tena. Rudia baada ya kilometa 50. Mpira hubonyea na minyororo hulegea, hata kama ilikazwa vizuri.

Mtu asipande ndani ya kibanda gari likiwa linakwenda, hata kama mvua inanyesha na hata kama ni mgonjwa. Humo hamna viti vya safari wala mikanda.

PIMA KWENYE MIZANI

Hesabu ya ubaoni ni mwanzo tu. Magari yanayozidi kilo 3,500 hulazimika kupita mizani za barabara kuu. Pikapu haziguswi na sharti hilo, kwa hiyo hakuna atakayetusimamisha kutuambia tumezidi. Ni juu yetu wenyewe. Omba nafasi kwenye mizani ya ghala la mazao au ya kinu. Pandisha gari zima likiwa na kila kitu, pamoja na watu. Kisha pandisha matairi ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake.

Sisi tulitarajia kilo 2,760. Mizani ilisema 2,780. Tulipekua tukakuta mabegi ya wauguzi na mfuko wa viazi aliopewa tabibu apeleke kwa dada yake. Mbele palikuwa na kilo 1,260 na nyuma 1,520, chini ya kikomo cha ekseli ya nyuma ambacho ni kilo 1,650. Dereva alinakili namba hizo kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani.

MASWALI KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Kamati inayotaka kibanda, au inayopewa, ijibu haya kwa maandishi kabla ya kusema ndiyo:

Gari letu linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, watu wakiwemo?
Matairi ya nyuma yana namba gani ya kubebea?
Bodi ina urefu gani, na upana gani kati ya matuta ya madigadi?
Ekseli ya nyuma ipo umbali gani kutoka ukuta wa mbele wa bodi?
Kibanda kina kilo ngapi, na kitovu cha uzito wake kipo wapi?
Nani ana mamlaka ya kulizuia gari lisiondoke likizidi uzito?

Kwa swali la mwisho, sisi tumeandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ni dereva. Akisema mzigo umezidi, kitu kinashushwa, hata kama ni cha Baba Paroko.

Kwenu wafadhili, tunaomba jambo moja. Mnapotuandikia kuhusu kifaa chochote kitakachopanda gari, andikeni kilo zake mstari wa kwanza. Mkitujibu kwamba hamjui, hatutaona vibaya, tutawaomba mkipime. Nanyi mkipokea kutoka kwetu barua yenye namba nyingi na neno "hapana", msiione kuwa kukosa shukrani. Tunaandika hivyo kwa sababu wauguzi wetu watapanda gari hilo.

Kibanda kimekwisha kushuka bondeni mara nne. Mvua za Novemba zikianza tutakishusha kwenye jeki na kukifunika, kwa kuwa mteremko ukilowa tunapunguza mzigo. Huduma ya kijiji kile tuliyoikosa siku ile ilifanyika safari ya kwanza kabisa. Baadhi ya akina mama walituuliza kama gari limepona. Tuliwaambia ndiyo, na sasa tunajua uzito wake.

Tunakaribisha vipimo vya pikapu zenu.